Kufundisha Mruko wa Maji kwa Bati, Ndoo na Mchanga: Somo la Nishati kwa Shule za Lamadi

Miongoni mwa mada za sayansi ambazo walimu wapya huzipitia kwa haraka ni ile ya nishati ya maji yaendayo. Mwalimu huandika ubaoni kwamba maji yanayokimbia yana nguvu, huchora gurudumu linalozungushwa na maji, kisha hutaja umeme na kufunga kitabu. Hapo mwanafunzi amejifunza namna nishati inavyotumika. Hajajifunza jambo ambalo wahandisi wa maji hulihangaikia zaidi, yaani namna ya kuiondoa nishati hiyo pale ambapo haitakiwi. Katika makala haya nakusudia kuwaonyesha walimu watarajiwa jinsi jambo hilo linavyoweza kufundishwa Darasa la Tano au la Sita kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, na kwa nini mtoto wa Lamadi anastahili kulijua kabla ya msimu wa mvua.

Lamadi iko katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, kandokando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hukutana na ile iendayo Bariadi. Nchi ya huko huteremka polepole kuelekea Ziwa Viktoria. Makorongo ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu hujaa kwa muda wa saa chache mvua kubwa inyeshapo, na maji hutafuta njia chini ya barabara kupitia makalavati. Palipo na lambo la kunyweshea ng'ombe, maji yanayozidi hutoka kwa njia ya utoro uliojengwa kando ya tuta. Penye majaruba ya mpunga, maji hupita katika mabanio na kushuka kutoka jaruba la juu hadi la chini. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko amekwisha kuyaona maji yakishuka kwa kasi mahali patatu, hata kabla ya kuingia darasani. Ameona pia shimo linalochimbika chini ya kila mojawapo ya mahali hapo. Shimo hilo ndilo mwanzo mwema wa somo letu.

Kabla ya mwalimu kuingia darasani, hapana budi aelewe mwenyewe kinachotendeka.

Maji yakiteremka kwenye mwinamo mkali huwa membamba na yenye kasi. Yakifika mahali tambarare ambapo mbele yake pana maji mengi yanayokwenda taratibu, hayapungui mwendo kidogo kidogo kama baiskeli iliyoachwa kupigwa pedali. Huinuka ghafula, yakafanya povu na mchafuko, kisha upande wa pili huendelea yakiwa mazito na matulivu. Kuinuka huko kwa ghafula ndiko tutakakokuita mruko wa maji. Leonardo da Vinci aliuchora mchafuko wa namna hii zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mtaliano Giorgio Bidone aliufanyia majaribio mjini Torino na kuyachapisha mwaka 1820, na Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger ndiye aliyeweka msingi wa hesabu zake kuanzia mwaka 1828.

Kwa nini maji yaruke badala ya kupunguza mwendo kwa adabu? Sababu iko katika mawimbi madogo. Ukitupa kijiwe katika maji yenye kina kifupi, viwimbi vyake huenea kwa kasi inayotegemea kina hicho: kipeuo cha pili cha zao la 9.8 na kina kwa mita. Maji yenye kina cha nusu sentimita hupeleka kiwimbi kwa kasi ya mita 0.22 tu kwa sekunde. Ikiwa maji yenyewe yanakimbia mita 1.2 kwa sekunde, hakuna kiwimbi kinachoweza kupanda juu kuyapasha habari maji yanayokuja kwamba mbele kuna kizuizi. Maji hayo yanakuja, tuseme, bila taarifa, na hugonga. Uwiano wa kasi ya maji na kasi ya kiwimbi huitwa namba ya Froude, kwa jina la mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879), aliyechunguza mwendo wa meli. Namba hiyo ikizidi 1, maji yako katika mwendo wa mbio. Ikiwa chini ya 1, yako katika mwendo wa utulivu. Mruko wa maji ni mlango wa kutoka mbio kwenda utulivu.

Baadhi ya walimu hupenda kufananisha jambo hili na magari yanayokuja kwa kasi yakakuta matuta ya barabarani. Mfano huo si mbaya, nao watoto wa njiapanda kama Lamadi wataupokea mara moja. Lakini una kasoro moja ambayo yafaa mwalimu aitaje: magari yakipunguza mwendo husongamana, hali maji hayawezi kusongamana. Yakikosa nafasi mbele, hayana pa kwenda ila juu.

Jambo la pili la kuelewa ni mahali mruko unaposimama. Maji membamba yenye kasi husukuma mbele kwa mwendo wake. Maji mazito yaliyo mbele husukuma nyuma kwa uzito wa kina chake. Pale misukumo miwili inapolingana, hapo mruko husimama. Maji ya mbele yakiwa na kina kidogo mno, mruko husukumwa chini ya mkondo, nje ya sakafu iliyojengwa, ukaenda kuchimba udongo. Yakiwa na kina kikubwa mno, mruko hupanda hadi kwenye mwinamo na kuzama, na maji ya mbio hupita chini ya maji matulivu kama nyoka chini ya majani, bila kupoteza nishati yake vizuri. Kazi ya mhandisi ni kujenga sakafu tambarare yenye kizingiti mwishoni, pengine na meno ya zege katikati, ili mruko ukae juu ya sakafu na usitoke. Sakafu hiyo na kuta zake ndiyo beseni la kutulizia maji.

Nishati huenda wapi? Hapa ndipo wanafunzi wengi, na walimu si wachache, husema kwamba imepotea. Haikupotea. Katika mruko maji hugawanyika kuwa vimbunga vikubwa, vikubwa vikazaa vidogo, vidogo vikasuguana hadi mwendo wake ukageuka joto. Lakini mwalimu asithubutu kuleta kipimajoto ili kulithibitisha jambo hilo. Ili maji yaongezeke joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, yanatakiwa yaanguke mita 427 na nishati yote ibaki ndani yake. Lambo lenye utoro wa mita tatu halitaonyesha kitu. Hata hivyo mita tatu si jambo dogo: mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na ikiwa mita moja ya ujazo huanguka mita tatu kila sekunde, hiyo ni kilowati 29, sawa na nguvu ya farasi wapatao arobaini wakipiga kwato mahali pamoja usiku kucha. Udongo mweusi wa mbugani hauwezi kustahimili hayo.

Ninashauri somo lichukue vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu anayetaka kulimaliza kwa kipindi kimoja atalazimika kuonyesha mwenyewe huku watoto wakitazama kwa mbali, na hapo faida yake nusu itakuwa imekwenda.

Zana

Sinia moja safi lisilo na mabonde, birika au jagi, ndoo mbili za lita 20, karai au beseni kubwa la kupokea maji, mchanga laini, rula, saa yenye kuonyesha sekunde, kipande cha bati lililonyooshwa, au mbao tatu zilizopigiliwa kuwa mfereji, udongo wa mfinyanzi wa kuziba nyufa, vipande vitatu vya ubao, vya urefu wa nusu sentimita, sentimita moja na nusu, na sentimita tatu, vipande vidogo vya gunzi.

Mfereji uwe na upana wa sentimita 15 na kuta zisizopungua sentimita 8. Sehemu ya kwanza, ya urefu wa mita 1.2 hivi, iinuliwe kwa matofali hadi sentimita 30. Sehemu ya pili, ya sentimita 40, ilale tambarare kabisa. Makali ya bati yakunjwe kwa nyundo kabla watoto hawajaligusa.

Kuhusu maji nina maneno mawili. Kwanza, maji ya ufukweni mwa ziwa yana hatari ya kichocho, na majaribio haya hulowesha mikono. Hivyo yatumike maji ya bomba, ya kisima kilichojengewa au ya mvua; ikiwa hapana budi kutumia ya ziwani, yakae siku mbili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono. Pili, yasichotwe na wasichana wa darasa peke yao, kama desturi ilivyo. Maji yote yapokewe katika karai na kurudiwa. Ndoo tatu zinatosha kwa vipindi vyote viwili.

Maendeleo ya somo

Mwalimu aanze na shimo, siyo na maana ya maneno. Aulize: ni nani aliyepita chini ya kalavati wakati wa kiangazi? Upande maji yanakoingia kukoje, na upande yanakotokea kukoje? Watoto watajibizana. Wengine wataeleza kwa Kisukuma kwanza, na mwalimu asiwakatize, wenzao watatafsiri. Jibu litakalojitokeza ni kwamba upande wa kutokea ndiko kuliko na shimo. Hapo mwalimu aandike ubaoni swali moja tu: Kwa nini shimo huchimbika upande wa chini?

Kisha alete sinia. Mwanafunzi mmoja amimine maji kutoka katika birika, kwa mkono uliotulia, kutoka urefu wa shibiri moja hadi katikati ya sinia. Pale maji yanapoangukia pataonekana duara jembamba linalong'aa, na kulizunguka pataonekana ukingo ambapo maji huinuka ghafula. Agusishe ncha ya njiti ya kiberiti ndani ya duara: viwimbi vitasombwa nje vyote, vikifanya umbo la herufi V. Aguse nje ya ukingo: viwimbi vitaenda pande zote. Jaribio hili halipiti dakika tano, na hakuna ninalolijua linaloonyesha mbio na utulivu kwa uwazi kama huo. Lakini lisitumiwe kwa hesabu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba katika utando mwembamba wa maji kama huu, mvutano wa uso wa maji ndio wenye neno kubwa kuliko uzito, na mabishano juu ya jambo hilo yaliendelea kati ya wataalamu. Duara la siniani ni binamu wa mruko wa lambo. Si pacha wake.

Sasa mfereji. Mwishoni mwa sehemu tambarare pawekwe mchanga uliolowanishwa na kusawazishwa. Ndoo ya kwanza imiminwe bila kizingiti chochote, kwa kasi isiyobadilika, kiasi kwamba lita 20 zichukue sekunde 22 hivi. Yafaa wanafunzi wawili washike ndoo na wa tatu ahesabu sekunde. Maji yatapita juu ya sakafu kama upanga na kuingia mchangani. Shimo lipimwe kwa rula na kina chake kiandikwe ubaoni. Mchanga usawazishwe tena, kipande cha ubao cha sentimita moja na nusu kizibwe kwa udongo mwishoni mwa sakafu, na ndoo ya pili imiminwe vile vile. Safari hii maji yatainuka katikati ya sakafu, yatatoa povu, na yatavuka kizingiti polepole. Shimo lipimwe tena.

Inafaa mwalimu anyamaze hapo kwa muda. Huenda mazungumzo yakawa kama haya:

"Mwalimu, maji yamegonga maji."

"Vyema. Yaliyogonga yalikuwa mengi au machache?"

"Ni yale yale, Mwalimu. Ndoo ni ile ile."

"Basi kwa nini hapa ni membamba na pale ni mazito?"

"Pale hayana haraka."

Jibu hilo la mwisho ni fizikia kamili. Maji yanayopita kila sekunde ni kiasi kilekile. Yakipungua kasi mara saba, hayana budi yawe na kina mara saba. Mwalimu asilirekebishe kwa maneno ya kitabu. Aliandike kama lilivyosemwa.

Baadaye vizingiti vingine viwili vijaribiwe. Kile cha nusu sentimita hakitaweza kuuzuia mruko, nao utafukuzwa nje ya sakafu. Kile cha sentimita tatu kitaurudisha nyuma hadi kwenye mwinamo. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kizingiti kirefu zaidi si lazima kiwe bora zaidi, nalo ni jambo ambalo mafundi wengine wazima hawajalikubali.

Hesabu kwa ajili ya mwalimu

Hesabu hizi zisiandikwe ubaoni kwa Darasa la Tano. Lakini mwalimu asiyezijua hatajua pia kwa nini jaribio limekataa siku fulani. Lita 20 kwa sekunde 22 ni sentimita za ujazo 909 kwa sekunde. Ikiwa kina kabla ya mruko ni nusu sentimita na upana ni sentimita 15, eneo la mkondo ni sentimita za mraba 7.5; gawanya, upate kasi ya sentimita 121 kwa sekunde, yaani mita 1.2 hivi. Ugawanye kwa 0.22 ya kiwimbi, namba ya Froude ni 5.4 hivi. Ili kupata kina baada ya mruko, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 8, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, toa 1, gawanya kwa 2. Utapata 7.15 au karibu yake: kina cha pili ni mara saba na zaidi ya kile cha kwanza, kama sentimita 3.6. Katika mruko huo zaidi kidogo ya nusu ya nishati ya mkondo huondoka. Urefu wa mruko ni kama mara sita ya kina cha pili, yaani sentimita 22 hivi, na ndiyo maana nimeshauri sakafu ya sentimita 40. Vipimo vyenu vitatofautiana na hivi kwa sababu bati lina mikwaruzo na mikono ya watoto hutetemeka.

Wahandisi huipendelea namba ya Froude iliyo kati ya 4.5 na 9, kwa kuwa hapo mruko hutulia mahali pamoja na huondoa kati ya asilimia 45 na 70 ya nishati. Kati ya 2.5 na 4.5 mruko huyumba na kupeleka mawimbi mbali, yakala kingo za mfereji. Bahati mbaya mabanio mengi madogo ya mashambani huangukia humo humo.

Mifano ya kazi kubwa

Maji yanayogusa ufukwe wa Lamadi hutoka ziwani mahali pamoja tu, Jinja nchini Uganda, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Yanayopita katika mitambo huacha nishati yake katika umeme. Yanayopita katika milango ya dharura huiacha katika povu, au la sivyo yangeiacha katika miamba. Mfano wa maji yaliyochimba mwamba wenyewe uko Kariba, katika mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1959, hurusha maji yake ya ziada hewani yaangukie mtoni mbali na ukuta, na katika miaka iliyofuata maji hayo yalichimba shimo lenye kina cha mita 80 hivi. Watoto wakiambiwa hivyo baada ya kupima shimo lao la sentimita chache, wataelewa maana ya rula waliyoishika.

Jambo ambalo halina budi kufundishwa

Nimeliacha jaribio moja makusudi, maana ndilo lenye uzito kuliko yote. Mruko ukiwa umesimama juu ya sakafu, dondosha kipande cha gunzi ndani ya povu. Hakitaenda na maji. Kitaviringika, kitazama, kitaibuka, kitarudi nyuma, kitazama tena. Juu ya mruko maji hurudi kuelekea yalikotoka, huku yale ya chini yakienda mbele. Chochote kinachoelea hunaswa katikati. Hata povu lenyewe ni hatari: maji yaliyochanganyika na hewa ni mepesi, nayo hayambebi mtu kama maji ya ziwani yanavyombeba. Mtoto anayejua kuogelea ziwani hudhani anajua kuogelea popote. Mbele ya kalavati lililojaa, au chini ya utoro wa lambo, ujuzi huo haumsaidii, na ndugu yake anayeruka kumwokoa hunaswa vile vile.

Mwalimu ampe kila mwanafunzi kipande chake cha gunzi, ahesabu sekunde kinazozunguka kabla ya kutoka. Vingine havitatoka mpaka ndoo iishe. Wakati huo aseme wazi: mtu akinaswa pale, asifuatwe majini, arushiwe kamba, ndoo tupu iliyofungwa kamba, au dumu lililofunikwa, kutoka ukingoni, na watu wazima waitwe. Kisha wanafunzi wafanye zoezi la kurusha dumu lenye kamba uwanjani, umbali wa mita tano au sita, hadi kila mmoja ameweza. Nimesikia ikisemwa kwamba zoezi la namna hii si sayansi. Kwa maoni yangu ndilo jibu la mtihani ulio mgumu kupita wote katika mada hii.

Kwa sababu hiyo hiyo, ziara ya kwenda kwenye kalavati ifanywe wakati wa kiangazi tu, korongo likiwa kavu. Kama shimo lina maji yaliyotuama, wasiingie, kwa ajili ya kichocho. Wapime upana wa shimo kwa kamba kutoka ukingoni, waangalie kama kuna mawe yaliyopangwa au gabioni, kama sakafu ya zege ina kizingiti, na kama udongo umeliwa chini ya sakafu hiyo. Ufa unaoingia chini ya zege uchorwe katika madaftari, na mchoro mmoja ulio safi, wenye tarehe na vipimo, upelekwe na mwalimu mkuu kwa mwenyekiti wa kijiji. Msimu ufuatao darasa litakalokuwa pale lirudi na kamba ile ile, lipime tena upana ule ule, na liandike kipimo kipya chini ya cha kwanza.